Shule Huachwa Siku Moja Moja



Wajukuu zangu, mimi ni Mgogo, na najua wengine wenu ni Warangi wa Kondoa, Wasandawe wa Chemba, Wakaguru wa milima ya Mpwapwa, na wengine ni watoto wa watumishi waliohamia Dodoma na serikali miaka hii. Nchi hii ya kati ina msimu mmoja wa mvua na vumbi la wote. Nitakalosema linawahusu nyote.

Nimefundisha miaka 37, shule za msingi kwanza, kisha sekondari za kata, hadi nilipostaafu 2018. Kuliko chaki, kitu nilichokishika zaidi maishani mwangu ni daftari la mahudhurio. Watu hudhani mwanafunzi huacha shule siku ile anapopanda basi la Dar es Salaam, au siku anapopewa pikipiki, au siku ng'ombe wa mahari wanapoingia zizini kwa baba yake. Mimi siku hizo nilizoea kuziona zikija kwa mbali, miezi sita kabla, ndani ya daftari. Jumatatu moja mtoto hayupo. Baada ya wiki mbili hayupo Jumatatu na Jumanne. Kisha anakosa kila siku ya mnada. Kisha anakuja Ijumaa tu, amekaa dawati la nyuma, hana daftari la hesabu kwa sababu hajui tena tumefika wapi. Anayeanza kukosa hajui kwamba ameanza kuacha. Yeye anaamini yuko shuleni bado, kwa kuwa sare yake inaning'inia ukutani nyumbani.

Hebu pigeni hesabu pamoja nami. Mwaka wa masomo una siku 194. Ukikosa siku moja tu kila wiki, kwa mwaka umekosa siku 39 hivi. Kwa miaka minne ya sekondari ni siku 156. Umekosa karibu mwaka mzima, nawe hukugombana na mwalimu, hukufukuzwa, hukuugua, wala hakuna aliyekuita mtoro. Serikali inapotoa takwimu za waliokatisha masomo, utoro ndio unaoongoza kwa mbali kuliko mimba, kuliko vifo, kuliko ugonjwa. Nami nawaambia utoro ule haukuanza na mtoto mbaya. Ulianza na siku ya mnada.

Nazijua sababu zenu, maana ndizo zilizokuwa zangu. Shule hufunguliwa Januari, na Januari kwetu ni mwezi mgumu. Mvua yetu ni milimita 500 au 600 kwa mwaka mzima, nayo huanza Desemba na kukatika Aprili. Ikinyesha leo, kila mkono unatakiwa shambani leo. Kihenge kimebaki sakafu, mlenda unaliwa na ugali mdogo, na mtoto wa kidato cha kwanza anatakiwa atembee kilomita nane kwenda kujifunza neno photosynthesis tumbo likiwa tupu. Februari ni palizi. Machi na Aprili uwele unatoa masuke, na kwelea kwelea wanashuka kama moshi. Wanaoamia ndege ni nani? Ni ninyi.

Mimi niliamia ndege mwaka 1971, nikiwa darasa la tano. Ndio mwaka wa Operesheni Dodoma, tulipohamishiwa kijiji kipya, lakini uwele wetu ulibaki kwenye shamba la zamani, mbali. Baba akaniweka huko juu ya dungu na kombeo langu tangu alfajiri hadi jua linazama. Nikakosa siku ya kwanza, ya pili, hata nikafika siku ya kumi na moja. Nakumbuka siku ya tatu nilikuwa bado naona uchungu. Siku ya nane nilikuwa nimezoea, na hilo la kuzoea ndilo linalonitisha hadi leo.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumamosi. Mwalimu wangu alikuja na baiskeli, akaiegemeza kwenye mbuyu, akapanda dungu. Hakunichapa. Alitoa daftari na kuanza kunifundisha hesabu za sehemu, pale ambapo darasa lilikuwa limefika. Kundi la ndege likija, tunapiga kelele wote wawili, narusha jiwe, ndege wanaondoka, tunarudi kwenye theluthi na robo. Jioni alishuka akamfuata baba. Alimwambia hivi: ndege wakikuponyoka watakula madebe mawili ya uwele, lakini mtoto huyu akikosa mwezi mzima, watakuwa wamemla yeye. Baba hakujibu. Kesho kutwa yake alipanda dungu mwenyewe, na mimi nikarudi darasani.

Mwaka 1973 tulimaliza darasa la saba watoto 41. Tuliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza tulikuwa wawili. Wakati huo nafasi zilikuwa chache mno nchi nzima, na waliobaki hawakuwa wajinga kuliko mimi. Kwa hiyo mkinisikia nakazania nafasi hii mliyopewa, fahamuni kwamba nawakumbuka wale 39 kwa majina.

Sasa nitasema la pili, ambalo ni zito kwangu. Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu wa darasa wa kidato cha tatu katika shule moja ya kata. Palikuwa na kijana mpole, mzuri wa fizikia, analelewa na mama peke yake. Alikuwa anadaiwa ada na michango. Ada ya shule ya kutwa wakati huo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na michango juu yake. Tukapewa amri ya kuwarudisha nyumbani wanaodaiwa. Nilisimama mbele ya darasa nikasoma majina, na jina lake likiwemo. Alikusanya madaftari yake, akaniaga kwa heshima, akatoka. Wiki tatu niliandika kwamba hayupo. Nilikuwa na pikipiki, na kwao palikuwa si mbali, lakini sikwenda. Nilijiambia atarudi akipata hela. Miaka minne baadaye nilimkuta mjini Dodoma kwenye jengo linalojengwa, yuko saidia fundi, anachanganya zege. Aliniambia, "Shikamoo, mwalimu," akatabasamu, akaendelea na koleo lake. Hakunilaumu hata kidogo. Mwalimu wangu alipanda dungu kwa ajili yangu, nami sikumpandia huyu. Ndiyo sababu mzee mstaafu kama mimi anakaa na kalamu kuwaandikia.

Kazi ya saidia fundi ni kazi ya halali, wala simdharau anayeifanya. Ninachosema ni kwamba kijana yule hakuichagua.

Mzigo ule wa ada leo haupo. Tangu Januari 2016 elimu haina ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 wakaongezwa kidato cha tano na cha sita. Yamebaki mengine: sare, viatu, daftari, debe la mahindi na maharage ya makande ya shule. Si madogo kwa nyumba iliyovuna magunia mawili. Lakini sikilizeni ushauri wa mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Mwanafunzi mwenye shida hunyamaza, na akinyamaza mwalimu humwandika mtoro. Usikae nyumbani kwa sababu huna kiatu. Njoo bila kiatu, mwambie mwalimu wa darasa, au matroni, au mwalimu yeyote unayemwamini. Mzazi asiyeweza kutoa mahindi mwezi Februari anaweza kuahidi Juni akishavuna, na nimekaa kwenye vikao vingi vya wazazi ambako hilo lilikubaliwa. Asiyesemewa ndiye anayepotea.

Wavulana, kuna boda ya mkataba. Mtu anakwambia: chukua pikipiki, leta hesabu kila siku, ukimaliza mkataba ni yako. Uko kidato cha pili, una miaka kumi na sita, na ghafla una hela mfukoni kila jioni. Najua ladha yake. Wapo pia waliouza kipande cha ardhi ya ukoo pale mji ulipopanuka, viwanja vikapanda bei baada ya serikali kuhamia, wakanunua pikipiki. Ardhi haipo tena na pikipiki imekwisha. Kijana wa boda asiye na leseni, asiyejua kusoma mkataba aliotia saini, asiyeweka kumbukumbu ya hesabu aliyopeleka, yuko mikononi mwa bosi. Maliza kidato cha nne kwanza. Pikipiki zitakuwepo Desemba ya mwaka huo, nakuhakikishia, nawe utazikuta ukiwa na cheti na miaka kumi na minane ya kukata leseni.

Haraka imewahi kuja kwetu na mali nyingi kuliko pikipiki zote za Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga pale Kongwa. Walileta matrekta, wataalamu, mpaka reli. Walikuwa na haraka ya mafuta ya karanga kwa ajili ya watu wao waliokuwa wametoka vitani. Hawakuisoma mvua ya Kongwa, hawakuusoma udongo wake ambao ukikauka hugeuka kama tofali, na hawakuwauliza wenyeji. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimepotea. Babu zenu waliokuwa vibarua pale walisimulia wakitikisa vichwa. Nchi hii haimsamehe anayeanza kazi kabla ya kusoma, awe tajiri awe maskini.

Nije kwenye masomo yenyewe, maana kukaa shuleni bila kujifunza nako ni aina ya utoro. Mtoto wa shule ya msingi ya kijijini amesoma miaka yote kwa Kiswahili. Januari anaingia kidato cha kwanza, na kila somo, isipokuwa Kiswahili, ni kwa Kiingereza. Anakaa kimya. Aliyekuwa wa kwanza darasani kwao anajiona mjinga, na aibu hiyo imewatoa shuleni watoto wengi kuliko njaa. Mimi nilikuwa kazini matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka. Zaidi ya watahiniwa 240,000, sita katika kila kumi, walipewa divisheni ziro. Nchi nzima ililia, na baadaye matokeo yale yalipangwa upya. Sisi walimu wa darasani tulijua jambo ambalo halikuandikwa magazetini: wengi wao hawakuwahi kuelewa maswali yaliulizwaje.

Wewe uliye kidato cha kwanza, tafuta daftari dogo. Kila siku andika maneno matano ya Kiingereza uliyokutana nayo, na maana yake kwa Kiswahili. Matano tu. Kwa siku 194 ni maneno 970, na mtu mwenye maneno hayo huanza kukielewa kitabu cha baiolojia. Uliza swali kwa Kiswahili kama Kiingereza kimekukwama. Mwalimu mwema atakujibu, na mwalimu akikucheka, muulize mwenzako mliyekaa naye. Someni wawili au watatu, mmoja awe anamfundisha mwenzake, kwa sababu aliyemweleza mwingine huwa hasahau. Tafuteni mitihani iliyopita muifanye kwa kalamu, msiisome kwa macho kama gazeti. Na upimaji wa kidato cha pili ukikuangusha, ukaambiwa ukariri darasa, kariri. Nimeona vijana wengi wakiondoka mwaka huo kwa kuogopa kukaa na wadogo zao. Aibu ile ni ya wiki mbili. Baada ya hapo hakuna anayekumbuka, nawe umebaki na miaka yako yote mbele.

Binti zangu, nina maneno marefu zaidi kwenu, kwa sababu nyumba nyingi zina njia nyingi za kuwatoa shuleni.

Ipo njia inayoanza mapema, ambayo watu wazima hawapendi isemwe. Mzazi anamwambia mtoto wa darasa la saba ajifelishe, ajaze majibu ya uongo ili asichaguliwe, kwa sababu mchumba yupo au kazi za ndani zimepatikana mjini. Mtoto mtiifu anatii. Binti, utii kwa mzazi ni jambo kubwa, na mimi nimewafundisha watoto utii miaka yote. Lakini katika chumba cha mtihani mtii mwalimu wako na akili aliyokupa Mungu. Jibu kweli. Ukishachaguliwa, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji watauliza uko wapi. Usipochaguliwa, hakuna atakayeuliza.

Anayekuja na mahari ukiwa mwanafunzi, sheria inamjua. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Na mwaka huo huo mwanasheria Rebeca Gyumi, aliyezaliwa hapa hapa Dodoma, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, hata 14 kwa kibali cha mahakama. Akashinda. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vile vile. Mtoto wa kwetu aliifikisha kesi hiyo mbele ya majaji kwa sababu alikuwa amemaliza shule. Fikirini hilo mnapochota maji.

Tena geto. Shule iko mbali, mzazi anakupangishia chumba karibu na shule, unajipikia, unalala peke yako au na mwenzako, una miaka kumi na minne. Mwenye chumba ni mgeni, jirani ni dereva, na ikifika Alhamisi mboga imekwisha. Hapo ndipo chipsi na vocha za simu zinapopata nguvu. Kama hosteli ipo, mwombe mzazi akupeleke hosteli hata akiuza mbuzi. Kama haipo, msikae chini ya watatu, na mpange kwa mama mtu mzima anayejulikana na wazazi wenu. Mtu mzima akikupa kitu na kukwambia usimwambie mtu, siku hiyo hiyo mwambie mtu.

Na wewe uliyekwisha kutoka, nawe nakuita.

Zamani, binti aliyepata mimba alifukuzwa na habari yake ikaishia hapo. Niliwaandika wengi hivyo, na kila nilipoandika mkono ulikuwa mzito. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba waliokatisha masomo, kwa mimba au kwa sababu nyingine, wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Ukiona shule haikufai tena, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia ya kusoma sekondari kwa muda mfupi zaidi. Kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama Munguri kule Kondoa na Chisalu kule Mpwapwa. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vyuo hivyo vimekuwa vikiwapokea wasichana waliokatisha masomo, pamoja na watoto wao wachanga. Wavulana wa machimboni na wa boda, njia ya kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea iko wazi kwenu. Kule Eldoret, Kenya, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akavaa kaptula ya shule, akakaa na watoto. Wewe una miaka 19 unaniambia umri umekwenda?

Na jueni nchi inakoelekea. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10. Wadogo zenu wanaoanza shule sasa watatakiwa wafike kidato cha nne. Wakishafika, cheti hicho unachokiona kikubwa leo kitakuwa mwanzo wa foleni tu. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo hapa tangu 2007, juu ya vilima vyetu. Vijana wa Kagera na Mtwara wanasafiri siku nzima kuja kusoma mlangoni kwetu. Nimepita pale getini, nikamkuta mwanafunzi wangu wa zamani anauza karanga za kukaanga kwa wenzake wa rika lake. Tulisalimiana. Nilinunua karanga, nikaondoka nikiwa na huzuni ambayo sikuweza kumwonyesha.

Uwele unatoa masuke sasa, na najua wengi mnashinda juu ya dungu. Kama ni siku yako ya tatu, uchungu ule unaouona bado ni mzuri, usiungoje uishe. Shuka kesho. Mwambie baba kwamba mzee mmoja aliyewahi kuamia ndege anamwomba apande yeye.

Na kama umeshakaa nje mwezi au mwaka, unaogopa kuingia ofisi ya mkuu wa shule peke yako, mtafute mwalimu mstaafu kijijini kwako. Vijiji vingi vinaye. Mwambie akusindikize. Hatakataa, kwa maana wengi wetu tuna jina moja tulilolisoma mbele ya darasa, na tungependa tupate wa kumrudisha.